Mwenye Macho Aambiwe Tazama

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni nzuri, nasi hatuna nia ya kubishana na wazee waliotuachia. Walakini yako mambo ambayo mwenye macho mazima hayaoni mpaka aambiwe. Mojawapo ni lile linalowapata wazee wa nyumba zetu polepole, bila maumivu wala kelele, mpaka siku moja jirani husema, "Siku hizi bibi yule amekuwa na kiburi." Juu ya jambo hilo twataka kusema leo, kwa kuwa ndani yake mna swali la haki lisilo dogo: Mtu asipotusalimu, je, deni ni la nani?

Mwandishi wa maneno haya hana budi kuanza na kosa lake mwenyewe. Ninaye shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, akaaye katika kijiji kimoja kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe. Ni Mbena wa zamani, mtu wa jembe, wa rozari na wa salamu. Katika nchi ile ya baridi watu huamka ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya viazi na mahindi, na kabla mpita njia hajaonekana vema amekwisha kuamkiwa, "Kamwene!" naye ameitika. Shangazi yangu hakumwacha mtu apite bila neno hilo.

Basi siku moja nilishuka katika basi pale Makambako, baada ya kukaa mbali miaka miwili, nikamwona sokoni karibu na mafungu ya viazi. Nilikwenda nikasimama mbele yake, hatua tatu tu, nikitabasamu bila kusema neno, maana nilitaka anitambue mwenyewe nipate kufurahia mshangao wake. Yeye aligeuza uso kidogo, akanitazama kwa pembe ya jicho, kisha akanipita kama mtu apitavyo nguzo. Nikamfuata kwa macho. Nilimwona akikwepa dimbwi, akivuka kamba ya turubai la mchuuzi, akishika njia yake bila fimbo. Nikasema moyoni: Macho anayo. Ameniona. Ana neno nami.

Nalo neno lenyewe nilidhani nalijua. Palikuwa na shamba la babu ambalo ukoo ulikuwa haujaligawanya, nami nilikuwa nimetuma ujumbe kuuliza sehemu ya baba yangu. Nikaunganisha ujumbe ule na mambo ya sokoni, nikapata hukumu. Miezi minane sikukanyaga kwake. Nilipoambiwa na majirani kwamba nao hawasalimu, na kwamba siku hizi huwatazama watu kwa kijicho, niliona ushahidi umetimia. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe, na katika kutouliza mimi nilikuwa wa kwanza. Mwishowe binamu yangu, mwanawe wa tatu, ambaye kazi yake ni kuuza mbao wala hajui lolote la utabibu, alimwona mama yake akimimina chai kando ya kikombe. Akampeleka kwa daktari wa macho. Jibu lilikuwa fupi: Shangazi alikuwa haoni nyuso za watu.

Yafaa tueleze ugonjwa wenyewe, kusudi msomaji asifanye kosa nililolifanya mimi. Nyuma ya kila jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, upokeao nuru kama vile ukuta mweupe upokeavyo picha za sinema. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo mno, upana wake milimita 5 hivi, iitwayo makula. Udogo wake usitudanganye. Kazi zote za kuona kwa makini ni zake: kusoma, kutunga uzi katika sindano, kutofautisha rangi, kutambua uso. Retina iliyobaki huona vitu vya kandoni, kama mlango, ng'ombe, njia na dimbwi. Basi kwa watu wengine, wakiisha kupita miaka 50, na zaidi wafikapo miaka 70 na 80, makula huanza kuchakaa. Mbele yao, palepale wanapotazama, hutokea ukungu au doa, nalo huhama pamoja na jicho. Njia wanaiona. Mtu aliyesimama njiani wanamwona, lakini hana uso.

Ugonjwa huu una aina mbili. Ya kwanza huitwa kavu, nayo ndiyo ya wengi, yapata wagonjwa 9 katika kila 10. Huenda taratibu kwa miaka mingi. Ya pili huitwa ya majimaji: mishipa midogo mibovu ya damu huota chini ya retina, ikavuja, na mtu aweza kupotewa na kuona kwa katikati katika muda wa majuma machache tu. Wako wadhanio kwamba ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba hali yake mbaya huonekana zaidi kwao, walakini sisi nasi hatukuachwa. Huko Nakuru, katika nchi jirani ya Kenya, watafiti waliwapima watu wenye miaka 50 na zaidi katika miaka ya 2007 na 2008. Kati ya kila watu 100 ambao picha za macho yao zilisomeka, 11 hivi walikuwa na dalili za mwanzo, na 1 hivi alikuwa na ugonjwa uliokwisha kukomaa. Katika taarifa yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitaja hesabu ya watu wapatao milioni 196 wenye ugonjwa huu ulimwenguni.

Sasa turudi sokoni. Mtu aliyepotewa na katikati ya jicho hujifunza, mara nyingi bila mwalimu, kutazama kwa upande. Humgeuzia mtu shavu ili amtazame kwa sehemu ya jicho iliyo hai bado. Wataalamu wa macho hata huwafundisha wagonjwa kufanya hivyo. Lakini lugha yetu imekwisha kuupa mtazamo huo jina lake: kijicho. Na kijicho, kila mtu ajua, ni husuda. Hapo lugha yageuka kuwa shahidi wa uongo bila kukusudia. Shangazi yangu alipogeuza uso pale Makambako alikuwa anajitahidi kuona ni nani huyu aliyesimama mbele yake pasipo kusema. Saa ileile aliyojitahidi kuniona, ndiyo saa niliyokata shauri kwamba ananichukia.

Tuchunguze kosa hili, maana ni la wengi. Kwanza, tulidhani kwamba kuona ni kitu kimoja: aonaye dimbwi aona na uso. Sivyo. Jicho lina kazi nyingi, na moja yaweza kufa nyingine zikabaki. Pili, tulilipima tendo bila kujua mtendaji alijua nini. Watoto wetu hufundishwa katika katekisimu kwamba dhambi ya mauti yataka mtu ajue na akubali. Kanuni hiyo twaitumia kwa uangalifu sana tunapozitafuta dhambi zetu wenyewe, lakini tunapozihesabu za jirani twaisahau. Asiyejua kwamba wewe ni wewe hawezi kukudharau wewe. Tatu, na hili ndilo lililo baya zaidi, kila mmoja alitumia kimya cha mwenzake kuwa hoja. Mimi niliwaamini majirani, nao majirani waliona kwamba hata mtoto wa nduguye hafiki tena. Hivyo kijiji kizima kilikubaliana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Msomaji aweza kujibu: "Lakini wako pia wazee wenye kiburi kweli. Nitamjuaje huyu na yule?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hapana haja ya kujua kwanza. Tupime hasara za pande mbili. Nikimwendea mwenye kiburi na kusema, "Shikamoo, ni mimi fulani, mwana wa fulani," nimepoteza maneno machache, na pengine kiburi chake kimepata aibu. Nikinyamaza mbele ya asiyeniona, yeye amepoteza jamaa, nami nimempoteza mzee wangu, na hakuna kati yetu ajuaye sababu. Tena, kwa desturi yetu, mdogo ndiye aanzaye. Shikamoo haingoji kutambuliwa. Kwa hiyo deni la pale sokoni lilikuwa langu tangu mwanzo, hata kama shangazi angekuwa na macho ya tai.

Hapa hatuna budi kukemea mchezo mmoja tunaoupenda sana. Mtu huingia kwa bibi yake, amshike mkono na kuuliza, "Haya, nitaje, mimi nani?" Watu waliopo hucheka. Bibi hutaja jina la mjukuu mwingine, nao hucheka tena. Mwenye macho huona ni mzaha wa upendo. Kwa asiyeona ni mtihani mbele ya watu, na kila anaposhindwa huona kwamba amekuwa mzigo na kichekesho. Akiisha kushindwa mara tatu au nne huanza kukaa chumbani wageni wajapo. Ndipo twasema, "Bibi amejitenga." Hakujitenga, sisi tulimfukuza kwa kicheko.

Liko na jambo la kutisha zaidi, nalo lataka hekima. Mwaka 1760 mwanachuoni mmoja wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mzee huyo aliona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo, naye alijua mwenyewe kwamba hayapo. Hali hiyo hata leo huitwa kwa jina la Bonnet. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitungia picha zake. Sasa fikiri mwanamke mzee katika kijiji chetu asemaye jioni, karibu na moto, kwamba aona watoto wamevaa nguo nyeupe pale mlangoni. Watu watasema nini? Wengine watasema amerukwa na akili. Wengine watasema neno baya kuliko hilo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho yao mekundu, ambayo aghalabu ni matunda ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, yakahesabiwa kuwa ushahidi. Mtu asidhani kwamba umbali kati ya kusema "ana kijicho" na kufanya jambo kama hilo ni mkubwa sana. Ni njia moja. Tofauti ni mahali mtu aliposimama.

Baada ya hayo tuseme juu ya kinga, maana si haki kuwasikitikia wazee wa leo na kuwaacha wazee wa kesho. Uzee wenyewe hauzuiliki, wala damu ya ukoo haibadiliki, na ugonjwa huu hufuata ukoo: aliye na mzazi au ndugu mgonjwa ana sababu kubwa zaidi ya kupimwa. Lakini yako yaliyo mikononi mwetu. La kwanza ni moshi wa tumbaku. Mvutaji wa sigara ana hatari ya ugonjwa huu mara mbili au zaidi ya asiyevuta, na kuacha kwafaa hata kwa aliyechelewa. La pili ni chakula. Mboga za majani zenye rangi ya kijani iliyokolea, kama mchicha, majani ya maboga, mnavu na sukuma wiki, zina vitu ambavyo makula huvihitaji, na watu walao mboga hizo na samaki mara kwa mara wameonekana kuugua kidogo zaidi. Watu wa Njombe hawana udhuru hapa: bustani zao hazikosi majani, parachichi zimejaa mashambani, na Ziwa Nyasa la usipa na samaki wengine haliko mbali. La tatu ni kuangalia shinikizo la damu.

Wako wauzao vidonge vya macho, na watu huuliza kama vyafaa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vidonge vyenye vitamini C na E, zinki na vitu vingine, kwa kipimo kikubwa, vilipunguza kwa robo hivi hatari ya ugonjwa uliofika katikati kuingia katika hali mbaya kwa muda wa miaka 5. Utafiti wa pili, wa mwaka 2013, ulisababisha beta-karotini kuondolewa, kwa sababu huongeza hatari ya kansa ya mapafu kwa wavutaji, na luteini na zeaksanthini zikawekwa mahali pake. Basi vidonge hivyo vina manufaa kwa wagonjwa wa namna fulani, aliokwisha kuwapima daktari. Havikuonekana kuuzuia ugonjwa usianze, wala havirudishi macho yaliyokwenda. Amwambiaye mzee maneno mengine, akamwuzia chupa ya matone standi ya mabasi, amemwibia mara mbili: fedha na wakati.

Wakati ndio hasa wenye thamani. Katika aina ya majimaji ziko dawa zinazochomwa kwa sindano ndani ya jicho, nazo zaweza kuuzuia ugonjwa, na mara nyingine kurudisha sehemu ya kuona, zikianzwa mapema. Moja yao, bevasizumabu, Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2013. Kwa hiyo kila nyumba yafaa ijue namna ya kujipima. Daktari Marc Amsler wa Uswisi alitengeneza karatasi ya miraba midogo yenye nukta katikati kwa kazi hii, lakini asiye na karatasi hiyo anayo mistari mingine. Na afumbe jicho moja kwa kiganja, atazame kwa jicho la pili fremu ya mlango, au migongo ya bati, au, akiwa Makambako, reli za TAZARA pale stesheni. Kisha abadilishe. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, au ikikatika katikati, asingoje mavuno yaishe. Neno la kukumbuka ni jicho moja moja, maana jicho zima huficha aibu ya lile bovu, na mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue.

Twajua gharama. Kutoka Makambako hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 150, na hadi Dar es Salaam zaidi ya 600, na sindano zenyewe hurudiwa mara kwa mara. Baba wa nyumba huuliza kwa siri, pengine kwa uchungu: "Mama ana miaka 80. Je, nauli hii niitoe katika ada ya mtoto?" Hatutamhukumu aulizaye hivyo; ni swali la mtu apendaye wote wawili. Twasema hili tu: safari ya kwanza, ya kupimwa, isihesabiwe kuwa anasa. Wazee wengi wasioona wana mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji nao wakaona tena, na hakuna awezaye kujua kwa kukisia nyumbani. Ikiwa daktari ataona kwamba ni ile aina kavu iliyokomaa, familia itajua kwamba hapana barabara nyingine ya kutafuta, na fedha haitaliwa na waongo. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kwanza za hali hiyo ya kavu, lakini hizo hupunguza mwendo wake tu, hazirudishi kitu. Kuijua kweli mapema ni akiba.

Nayo kweli yafaa aambiwe mzee mwenyewe. Wako wadhanio kuwa ni huruma kumficha. Lakini mzee afichwaye hubaki na hofu kubwa kuliko ugonjwa: hudhani kwamba ukungu ule utaenea mpaka awe gizani kabisa. Kwa kawaida ugonjwa huu hauchukui kuona kwa pembeni. Ataendelea kwenda bustanini, atawaona kuku, ataijua njia ya kanisa. Habari hiyo ni faraja, na amfichaye mgonjwa neno baya amemnyima na hilo jema lililofuatana nalo. Tena aambiwe bila fimbo. Wanafunzi wa Yesu waliouliza nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu hawakupata jibu walilolitaka. Kinga ni kwa ajili ya kesho. Tusiitumie kumpiga mtu kwa ajili ya jana. Babu aliyevuta kiko miaka 40 hahitaji kuhubiriwa leo. Mjukuu wake ndiye ahitajiye.

Nilipokwenda kwa shangazi hatimaye, nilisimama mlangoni nikasema, "Shikamoo, shangazi. Ni mimi, mtoto wa mdogo wako." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mbona umekawia hivi? Nilidhani umenikasirikia kwa sababu ya shamba." Nilikosa neno. Miezi ile minane, kila mmoja wetu alikuwa amemwandikia mwenzake hasira asiyokuwa nayo.

Kisha akaingia ndani, akatoa karatasi katika mtungi wa unga. Ilikuwa karatasi ya mgawanyo wa shamba lile, iliyotakiwa kupelekwa kwa serikali ya kijiji, na mahali pake pa kutia dole gumba palikuwa pameachwa wazi. Akanipa, akasema, "Nisomee yote, hata yale madogo." Msomaji atambue hali yangu. Sehemu ya baba yangu imo katika karatasi ile. Ningeweza kusoma nilivyotaka, naye angetia dole.

Hapo nilimkumbuka Isaka, ambaye macho yake yalififia kwa uzee. Alimwuliza kijana aliyeingia kuwa ni nani, akajibiwa kwa jina la mwingine, akashika mikono iliyovikwa ngozi za mbuzi, akatoa baraka yake palipo na uongo. Wengi husoma habari ile wakamshangaa Isaka kwa kudanganyika. Lakini kosa halikuwa katika macho yake. Lilikuwa katika kinywa cha aliyeona. Siku hizi ardhi ya Njombe ina thamani kwa sababu ya miti ya mbao na parachichi, na wazee wengi watia dole juu ya karatasi wasiyoiona. Kwa hiyo twatoa shauri moja la kawaida kabisa: amsomeaye mzee karatasi asisome peke yake, na zaidi sana kama jina lake limo. Nilimwita binamu, na jirani mmoja asiye wa ukoo. Tulisoma kwa zamu, neno kwa neno. Palikuwa na mpaka mmoja ulioandikwa vibaya; shangazi ndiye aliyeugundua kwa kusikia tu, kwa maana mashamba yale anayo kichwani.

Tusije tukadhani, walakini, kwamba madeni yote ni ya wenye macho. Kitabu cha Tobiti chatuonyesha upande wa pili. Tobiti alikuwa mtu wa haki, akapofuka. Siku moja mkewe Ana alipewa mwana-mbuzi juu ya ujira wake, naye Tobiti, kwa kusikia mlio tu, alimshtaki kwamba amemwiba. Mtu mwema, gizani, alimdhania mabaya yule aliyekuwa akimlisha kwa kazi ya mikono yake. Wazee wetu nao wasikubali giza liwe mwalimu wao. Aonaye ukungu aseme, asione haya. Aseme kwa jamaa, aseme katika jumuiya ndogondogo: "Jamani, nyuso zenu sizioni, niambieni majina yenu." Asiyesema huwatwika wengine kazi ya kukisia, na kukisia ndiko kulikotuponza sisi. Yule asiyeona hudaiwa imani. Yule aonaye hudaiwa ukweli. Upande mmoja ukikosa kulipa, wa pili hauwezi kuishi.

Wasomaji wapenzi, dawa ya jicho lililochakaa haipo katika kila nyumba, lakini yako mambo yasiyohitaji hospitali. Chai ya rangi itiwe katika kikombe cheupe, na uji katika bakuli lenye rangi iliyokolea, mzee apate kuona ukingo. Taa iwekwe karibu na mikono yake. Viti visihamishwe bila kumwambia. Na kila aingiaye, awe mtoto, mgeni, au padre, ataje jina lake pamoja na salamu, na aondokapo aage, asimwache mzee akizungumza na kiti kitupu. Jumapili, wakati wa kupeana amani, tusingoje mkono wake utafute hewani, tuuendee.

Wahenga hawakukosa. Mwenye macho haambiwi tazama, ikiwa kweli ana macho. Mimi nilikuwa nayo mawili pale sokoni Makambako, mchana, hatua tatu tu kutoka kwake. Kati yetu sisi wawili, aliyekuwa hamwoni mwenzake ni mimi.